Kompyuta ya gemu ya hali ya juu: chagua skrini kwanza, pochi baadaye

Januari 2025 jijini Las Vegas, Jensen Huang, bosi wa NVIDIA, kampuni inayotengeneza kadi za grafiki, alisimama jukwaani na kutamka kwamba kadi mpya ya RTX 5070 ya dola 549 inatoa utendaji wa RTX 4090, ile iliyoingia sokoni 2022 kwa dola 1,599. Watu wakapiga makofi. Hadi leo kauli hiyo inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wacheza gemu, na kila ikipita hakosekani mtu wa kuuliza: kama ni hivyo, mbona 4090 iliyotumika inauzwa ghali kuliko 5070 mpya ndani ya boksi?

Jibu lipo kwenye namna ya kuhesabu, na tutalifikia. Tuanze na maneno yenyewe, maana fedha nyingi kwenye kompyuta za gemu hupotea pale mtu anaponunua namba asiyojua inapima nini.

Gemu ni picha zinazobadilishwa haraka haraka. Picha moja ni fremu, na idadi ya fremu kwa sekunde ndiyo hiyo FPS inayotajwa kila mahali. Kila fremu imejengwa kwa nukta ndogo sana ziitwazo pikseli. Skrini ya 1080p ina pikseli 1,920 kwa 1,080, yaani milioni 2 na kidogo. Ya 1440p inakaribia milioni 3.7. Ya 4K ina milioni 8.3, mara nne kamili ya 1080p. Halafu kuna hertz: skrini ya 60 Hz hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, ya 144 Hz mara 144. Kompyuta ikizalisha fremu 200 na skrini yako ni ya 60 Hz, utaonyeshwa 60. Wachezaji wa mashindano watakwambia kwamba hata hapo kipanya kinaitikia upesi kidogo, na hawakosei, lakini sehemu kubwa ya ulicholipia hukioni.

Pikseli na hertz ndizo zinazoamua kadi gani unahitaji, kadi ndiyo inayoamua umeme na joto, na bajeti inafuata mkondo huo. Kwa hiyo skrini ndiyo ya kwanza kuchaguliwa. Watu wengi hufanya kinyume. Wanamalizia fedha kwenye kasha la vioo lenye feni za rangi saba, kisha wanalichomeka kwenye monita ya zamani iliyotoka ofisini.

Ndani ya kasha, kazi ya kutengeneza fremu wanagawana wawili. Prosesa, au CPU, huamua kinachotokea: adui amejificha wapi, mpira umegonga mguu wa nani, gari limepinduka kwa namna gani. Kadi ya grafiki, au GPU, hukichora hicho kilichoamuliwa. Wafikirie akina mama wawili wanaopika chapati za biashara alfajiri. Mmoja anakata madonge, wa pili anasukuma na kuchoma. Mkataji akiwa mzito, chuma kinakaa moto bila kitu juu yake. Mchomaji akiwa mzito, madonge yanarundikana kwenye sinia. Sasa mteja akitaka chapati kubwa mara nne, mkataji bado anakata idadi ileile, ila mchomaji anatoka jasho. Hiyo ndiyo 4K. Ukubwa wa picha humwelemea GPU na karibu haumgusi CPU. Mteja akitaka chapati ndogo, lakini 240 kwa dakika, hapo mkataji naye atajulikana uwezo wake.

Ndiyo maana swali la "prosesa hii inaendana na kadi hii?" halina jibu mpaka useme unacheza nini na kwenye skrini gani. Zile tovuti zinazokupa asilimia, eti prosesa yako inaikwamisha kadi kwa 14.3%, zinakisia tu. Kompyuta ileile itabanwa na prosesa kwenye Counter-Strike 2 ya 1080p na kubanwa na kadi kwenye Cyberpunk 2077 ya 4K. Siku zote kuna kimoja kinachomsubiri mwenzake. Cha msingi ni kwamba anayesubiriwa asiwe mbali sana.

Turudi kwa Huang. Katika ulinganisho wake, 5070 ilikuwa inatumia DLSS 4, teknolojia ya NVIDIA ya kuongeza fremu. Kwa teknolojia hii, kadi ikishachora fremu moja ya kweli, akili mnemba hubuni hadi fremu tatu za kujazia. Ya 4090 inabuni moja tu. Namba ya FPS inapaa na picha inateleza vizuri machoni, lakini fremu za kubuni hazijui umebonyeza nini. Kama kadi inachora 30 za kweli na zikajazwa kufika 120, jicho litaona 120 na mkono utahisi 30, pengine chini ya hapo, kwa kuwa ubunifu wenyewe nao unachukua muda. Ukizima ujazaji huo, 4090 inaiacha 5070 kwa mbali. Tena ina gigabaiti 24 za kumbukumbu, na 5070 ina 12. Wauzaji wa mitumba wanalijua hilo vizuri kuliko wasikilizaji wa Las Vegas.

Sisemi teknolojia hiyo ni utapeli. Kama kadi tayari inatoa fremu 60 au 70 za kweli na skrini yako ni ya 165 Hz, washa, utafurahi. Na usiichanganye na ndugu yake, ile DLSS inayochora picha kwa pikseli chache kisha kuikuza. AMD, washindani wa NVIDIA, wana ya kwao, FSR. Hiyo ya kukuza inapunguza mzigo wa kadi kwelikweli, na mkono unaisikia tofauti. Ukiona tangazo lenye nguzo ndefu za FPS, tafuta maandishi madogo chini yake: zimejazwa au hazikujazwa?

Kwa mtu wa 1440p, kadi mbili zinazozungumzika ni Radeon RX 9070 XT ya AMD, iliyozinduliwa Machi 2025 kwa dola 599, na RTX 5070 Ti ya dola 749. Zote zina gigabaiti 16. Kwa 4K kuna RTX 5080 ya dola 999, nayo ina 16, na juu kabisa RTX 5090 ya dola 1,999 yenye 32. Hizo ni bei za uzinduzi Marekani kabla ya kodi. Ukiongeza usafiri, kodi na faida ya duka la Dubai, la Nairobi au la Kariakoo, utalipa zaidi, wakati mwingine zaidi sana. Mimi ningeshauri wengi waishie kwenye 5070 Ti au 9070 XT. Bei ya 5090 ni mara mbili ya 5080, lakini fremu hazifiki mara mbili, na wenye sababu ya kuinunua mara nyingi wanafanya pia kazi za video au akili mnemba mchana.

Gigabaiti za kadi ni ghala la picha zinazotumika wakati gemu linaendelea. Haziongezi kasi zikiwa nyingi kupita mahitaji, ila zikipungua gemu huanza kushtukashtuka, au kuta zinabaki na sura ya ukungu. Kwa kompyuta inayoitwa ya hali ya juu leo, 8 ni chache. Na hapa kuna mtego wa jina: RTX 5060 Ti iko ya gigabaiti 8 na iko ya 16, jina lilelile. Muuzaji akikutajia bei nzuri ya 5060 Ti, muulize ni ipi kabla hujashukuru.

Mtego wa pili ni kompyuta mpakato. RTX 5090 ya laptop si kadi ile ya mezani. Ina chipu ndogo zaidi, gigabaiti 24 badala ya 32, na inaruhusiwa takriban wati 175 wakati ya mezani inakula hadi 575. Ni mashine nzuri, lakini ukiambiwa "hii ina 5090 ndani" na ukalipa ukidhani umepata ileile, umelipia kibandiko.

Kwenye prosesa, imani iliyozoeleka ni kwamba i9 ya Intel au Ryzen 9 ya AMD lazima iishinde Ryzen 7, kwa sababu tisa ni kubwa kuliko saba. Kwenye gemu haiendi hivyo. Oktoba 2024 Intel walitoa Core Ultra 9 285K yenye viini 24, yaani sehemu 24 za kufanyia hesabu, kwa dola 589. Majaribio ya gemu yakaiweka nyuma ya Ryzen 7 7800X3D, prosesa ya viini 8 iliyotoka mwaka uliotangulia kwa dola 449. Siri ni kashe, kumbukumbu ndogo yenye kasi kubwa iliyokaa ndani ya prosesa yenyewe. Gemu huulizia taarifa zilezile tena na tena, na zikiwa karibu prosesa haihangaiki kwenda kuzitafuta kwenye RAM, kumbukumbu kuu ya kompyuta. AMD wamebandika tabaka la ziada la kashe kwenye prosesa zenye herufi X3D. Mrithi wa 7800X3D, 9800X3D ya Novemba 2024, ina megabaiti 96 za kashe, wakati 9700X ya kawaida ina 32.

Kama unacheza tu, ishia hapo. 9950X3D ya viini 16 inawafaa wanaokata video au kutengeneza michoro. Kwenye gemu, viini vyake nusu ndivyo vyenye kashe ya ziada, na nafuu utakayoiona ni ndogo au haipo. Na kama skrini yako ni ya 4K na unapenda gemu za hadithi, hata prosesa ya bei ya kati itatosha, fedha inayobaki ikaongezwe kwenye kadi. Mkataji madonge hana haraka pale ambapo chapati moja inachukua muda mrefu jikoni.

Anayewinda prosesa za mitumba aangalie i9-13900K na i9-14900K kwa jicho kali. Mwaka 2024 Intel walikiri tatizo la volti lililokuwa linachakaza prosesa za vizazi hivyo viwili, wakatoa marekebisho ya BIOS, ile programu inayoiamsha kompyuta, na kuongeza waranti kwa miaka miwili. Marekebisho yanazuia uharibifu mpya. Uliokwisha kutokea hayarudishi.

RAM imekuwa habari kwa sababu nyingine. Mwishoni mwa 2025 bei yake ilipanda kwa kasi duniani, na wengi huku walidhani ni wafanyabiashara wetu wamejiongezea. Chanzo kiko mbali: Samsung, SK hynix na Micron, ambao ndio wazalishaji wakubwa, wanaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba, vinavyolipa vizuri zaidi. Desemba 2025 Micron walitangaza kuachana na Crucial, jina walilouzia RAM na SSD, yaani diski za kuhifadhia, kwa wateja wa kawaida kwa takriban miaka 29. Kwa hali hiyo, kununua gigabaiti 64 kwa kujionyesha ni kuchoma fedha. Gigabaiti 32 zinatosha gemu za sasa, na zikishatosha, kuongeza nyingine hakuongezi hata fremu moja.

Kinachopotea kirahisi kwenye RAM ni kasi ambayo umeshailipia. Kwa Ryzen za sasa, kipimo kinachopendekezwa ni RAM ya DDR5 yenye kasi ya 6000, vipande viwili. Vinne hulazimisha ubao mama, ule unaounganisha vifaa vyote, kushusha kasi. Lakini RAM iliyoandikwa 6000 haianzi kwa 6000. Ukiwasha kompyuta mpya inakwenda 4800 au 5600, na itabaki hapo miaka yote mpaka uingie BIOS na kuwasha kipengele kiitwacho EXPO, au XMP upande wa Intel. Fungua Task Manager ya Windows, nenda kwenye Memory, soma kasi. Kuna kompyuta nyingi sana zilizofungwa na mafundi wenye jina ambazo ukizikagua leo utakuta 4800.

SSD ni fupi kuieleza. Ya NVMe, inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama, ya kizazi cha PCIe 4.0 husoma takriban megabaiti 7,000 kwa sekunde, ya 5.0 hufika 14,000, na kwenye kufungua gemu tofauti yake ni ya kuhesabu kwa saa ya mkimbiaji. Chukua 4.0 ya terabaiti 2, kwa sababu gemu moja kubwa siku hizi linapita gigabaiti 100. Ubao mama nao hauongezi FPS. Wa B850 au B650 wa bei ya kati unatosha kwa 9800X3D. Ukichukua B650 iliyokaa sana dukani, hakikisha BIOS yake imesasishwa, la sivyo prosesa mpya haitawaka na utadhani umeuziwa mbovu. Faida ya AM5, soketi ya prosesa kwenye bao hizo, ni kwamba AMD wameahidi kuiendeleza hadi 2027 angalau, kwa hiyo prosesa unaweza kuja kuibadilisha bila kubomoa nyumba nzima.

Kwenye umeme sitakimbia, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu hubania, na hapa ndipo pa kuumia.

Kwanza, pawa saplai ya wati 1,000 haili wati 1,000. Hiyo ni dari yake. Inavuta kile ambacho vifaa vinahitaji, na kidogo kinachopotea kama joto. Alama za 80 Plus, yaani Bronze, Gold na kuendelea, zinapima huo upotevu tu. Hazisemi kama vilivyomo ndani vitadumu, wala kama itajizima salama umeme ukivuruga. Kwa 5080 NVIDIA wanapendekeza wati 850, kwa 5090 wati 1,000. Tafuta iliyoandikwa ATX 3.1, ambacho ni kiwango cha utengenezaji wa pawa saplai. Kadi kubwa hazivuti umeme kwa utulivu. Zinaruka juu ya kiwango chake kwa vipande vidogo sana vya sekunde, na ATX 3.1 imewekwa kwa kuzingatia mirindimo hiyo.

Halafu kuna ile kebo ndogo yenye pini 16. Tangu 4090 zilipotoka, picha za plagi zilizoyeyuka zimezunguka mno, na si uzushi. Sababu mojawapo iliyothibitika ni plagi ambayo haikuingia hadi mwisho: pini chache zinabeba mzigo wa zote na kupata joto kali. Muundo mpya, 12V-2x6, umefupisha pini za kutambua ili kadi isivute umeme mwingi plagi ikiwa imelegea. Hata hivyo, sukuma mpaka usione mwanya, na usiikunje kebo pale pale inapotokea kwenye plagi. Kwenye kasha jembamba kioo cha ubavuni ndicho kinachoikunja, kwa hiyo pima upana wa kasha kabla ya kununua.

Pili, UPS, ile betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni VA, si wati. UPS nyingi za VA 650 zinazouzwa madukani kwetu hutoa wati zisizofika 400. Zitabeba kompyuta yenye 5090 wakati unasoma barua pepe. Ukianzisha gemu na umeme ukakatika, zinalia na kuzima hapohapo, ukawa huna ulichookoa. Soma wati zake, na uchague yenye wimbi safi la umeme, kwani pawa saplai za kisasa nyingine hazipatani na lile wimbi la ngazi la UPS za bei rahisi. Mwenye umeme wa jua nyumbani aangalie jambo hilohilo kwenye inveta yake.

Kompyuta ya 5090 na prosesa nzuri hufika kirahisi wati 700 gemu likikolea. Ukicheza kwa muda wa saa nne, ni karibu uniti 3 za LUKU, au za tokeni kwa walio Kenya. Na zile wati zote zinaishia kuwa joto ndani ya chumba chako. Majaribio unayoyaona YouTube hufanywa kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kitu. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili kina 32, na nyuzi hizo za ziada zinaongezeka karibu moja kwa moja kwenye joto la kadi. Kwa hiyo kasha lenye wavu mbele lina maana kuliko kasha la vioo pande zote, hata kama la vioo linapendeza kwenye picha. Kipoza maji si lazima: 9800X3D inatulia vizuri chini ya kipoza hewa chenye feni mbili, kisicho na pampu ya kufa wala bomba la kuvuja. Vumbi ni adui mwingine. Nunua kasha lenye vichujio vinavyochomoka, na uvisafishe kweli.

Kuna wanaonunua sasa hivi kwa ajili ya gemu la GTA VI. Rockstar, watengenezaji wake, wamelitangaza kwa PlayStation 5 na Xbox Series X na S; la kompyuta, hadi naandika, halina tarehe. Wasubiri, kadi za wakati huo zitakuwa nyingine.

Kadi ya mitumba usiilipie kabla ya kuiona ikifanya kazi. Iwekwe kwenye kompyuta, ifunguliwe programu ya bure ya GPU-Z. Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa BIOS ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya zaidi, na GPU-Z huzigundua nyingi na kuandika wazi kwamba ni bandia. Baada ya hapo gemu zito liendeshwe nusu saa bila kuzima, ukisikiliza feni. Ukiagiza mpya kutoka Dubai, uliza waranti inashughulikiwa nchi gani, maana kadi ya kilo mbili kwenda na kurudi ni nauli.

Mashine ikishafika nyumbani, kebo ya skrini ichomekwe kwenye kadi, si kwenye ubao mama. Kisha fungua mipangilio ya skrini ya Windows, sehemu ya Advanced display, usome hertz. Monita za 165 Hz huunganishwa na kubaki kwenye 60 mpaka mtu abadilishe kwa mkono, na wapo waliokaa nazo hivyo mwaka mzima huku wakipanga kununua kadi nyingine.